Barua kwa mdogo wangu aliyeko Sendai: nyimbo za theluji ni zako pia

Mdogo wangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama umeshanunua glavu. Kaskazi imeanza kuvuma, feni ya sebuleni haizimwi, nami nimekaa chini yake nasikiliza nyimbo za baridi za Kijapani, kama nifanyavyo kila Desemba tangu nirudi kutoka huko Japani uliko wewe.

Juzi kwenye simu nilikuuliza kama umeanza kuzisikia madukani, ukanijibu: "Dada, hizo ni za watu waliozaliwa kwenye theluji. Zinanifanya nijione mgeni zaidi." Ulikuwa unawahi darasani, sikukujibu. Nakujibu leo, na barua naiacha wazi kwa sababu huko mko wengi mnaoupita msimu wa kwanza wa baridi mbali na nyumbani.

Nianze na wimbo uliofanana na barua. Unaitwa "Kita no Yado kara", yaani kutoka nyumba ya wageni ya kaskazini, na Miyako Harumi aliutoa mwaka 1975. Mwanamke anamjulia hali mwanamume ambaye wameshaachana, kisha anamwambia kwamba baridi inazidi kila siku. Wajapani huanza barua hivyohivyo: kwanza majira, halafu neno lenyewe. Sisi tungesema "mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali". Neno lenyewe ni kwamba anafuma sweta huku akivumilia baridi, na anajua kuwa huyo anayemfumia hatalivaa. Mara ya kwanza niliusikia kwa bibi mwenye nyumba niliyopanga. Tulikuwa tumeingiza miguu kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na mfarishi juu, yeye anamenya machungwa madogo huku anaimba polepole. Kijapani changu kilikuwa bado kichanga, lakini nilijua kuna mtu anamkumbuka. Nilinyamaza mpaka akamaliza.

Maneno ya wimbo ule yaliandikwa na Aku Yu. Ndiye pia aliyeandika "Tsugaru Kaikyo Fuyugeshiki", mandhari ya baridi ya Mlango wa Bahari wa Tsugaru, ulioimbwa na Ishikawa Sayuri na kutoka kama santuri mwaka 1977. Huu ukae nao, usiusikilize ukiwa na haraka. Unaanza na abiria anayeshuka treni ya usiku iliyotoka Ueno, Tokyo, na tayari stesheni ya Aomori, huko kaskazini, imezama kwenye theluji. Mstari mmoja tu umevuka mamia ya kilomita. Umati unaokwenda kaskazini hausemi kitu, kinachosikika ni mngurumo wa bahari peke yake. Mwanamke anapanda feri ya kuvuka mlango ule kwenda kisiwa cha Hokkaido, anawatazama shakwe walioshikwa na baridi, analia.

Kwa nini Ueno? Baada ya vita, vijana wa Tohoku, huko kaskazini-mashariki unakokaa sasa, walikuwa wakimaliza shule wanapakiwa makundi kwa makundi kwenye treni kwenda viwanda vya Tokyo, na Ueno ndipo waliposhukia. Wakulima nao, mashamba yakishafunikwa na theluji, waliondoka kwenda kufanya vibarua mjini mpaka majira ya machipuko. Kwa hiyo stesheni ile ilibeba huzuni ya familia nyingi kabla hata wimbo haujatungwa. Ndiyo sababu watu wazima wakiusikia hunyamaza. Feri zenyewe zilikoma Machi 1988, siku ilipofunguliwa njia ya reli ya Seikan inayopita chini ya bahari, kilomita 53.85. Safari ile haipo tena, wimbo umebaki.

Sasa nisikilize vizuri. Aku Yu hakuwa mtu wa kaskazini. Alizaliwa Awaji, kisiwa cha vitunguu kwenye bahari ya ndani iliyotulia. Ishikawa Sayuri ni wa Kumamoto, kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini. Wimbo wanaouona watu kuwa ndiyo sauti ya baridi ya kaskazini umeandikwa na kuimbwa na watu wa nchi ya joto.

Wala si huo peke yake. "Nagoriyuki" aliutunga Ise Shozo, mwenyeji wa Tsukumi, mji mdogo wa pwani ya Oita, huko huko Kyushu. Ulirekodiwa kwanza na kundi lake la Kaguyahime mwaka 1974, na mwaka uliofuata Iruka akauimba ukaenea nchi nzima. Nagori ni kile kinachobaki baada ya mtu kuondoka, ule uzito wa kuagana. Yuki ni theluji. Kijana anamsindikiza msichana anayeondoka Tokyo, wamesimama kando ya treni, na theluji inaanguka wakati majira ya machipuko yameshafika. Nimejaribu miaka yote kulipatia jina hilo neno moja la Kiswahili, nimeshindwa. Huko Tsukumi stesheni inapiga wimbo huo treni zinapoingia.

Utakaousikia zaidi wiki hizi ni "Kurisumasu Ibu" wa Yamashita Tatsuro, wa mwaka 1983. Huko mkesha wa Krismasi si siku ya mapumziko, na kwa wengi hauhusu kanisa. Ni usiku wa wapenzi. Yeye anaimba mtu anayengoja mwenzake ambaye hatakuja, na anasema usiku ukisonga mvua itageuka theluji. Katikati kuna kipande cha Kanoni ya Pachelbel, muziki wa kale wa Ulaya, na sauti zote zile ni zake mwenyewe, amezirekodi moja juu ya nyingine. Tafuta hedifoni nzuri kwa ajili ya sehemu hiyo tu. Kampuni ya reli ya JR Tokai iliutumia kwenye tangazo lake kuanzia 1988, na mwaka 1989, miaka sita baada ya kutoka, ukafika namba moja. Yamashita ni mtoto wa Tokyo, na Tokyo theluji ya Krismasi ni nadra sana. Anaiombea ije.

Za karibuni nazipita haraka. "Konayuki" ya Remioromen, 2005, ni nzuri, ila imepigwa mno. "Yuki no Hana" ya Nakashima Mika, 2003, bado inanitoa machozi, na yeye anatoka Kagoshima, kusini zaidi ya Kumamoto.

Umeona? Aliyezaliwa ndani ya theluji huamka akachukua koleo akaisafisha mlangoni. Aliyeikuta ukubwani ndiye anayesimama kuitazama, na ndiye aliyeitungia nyimbo. Wewe uliyesimama dirishani usiku ule mpaka chai ikapoa, ukanipigia kuniambia haina sauti, umesimama walipokuwa wamesimama wao.

Tarehe 31 uwashe Kohaku, kile kipindi cha nyimbo cha kuaga mwaka cha televisheni ya NHK, hata kama uko peke yako. Ikiisha, huko itakuwa saa sita kasorobo usiku, hapa saa kumi na mbili kasorobo jioni, nami nitakupigia.

Na ukipata nauli, panda shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, uende Aomori. Karibu na stesheni imefungwa Hakkoda-maru, moja ya zile feri, na jirani yake pana mnara wa jiwe wa ule wimbo wa Tsugaru. Mtu akiusogelea, wimbo unaanza kupiga wenyewe. Nirekodie. Usikate upepo, nataka na bahari niisikie.

Dada yako