Barua ya wazi kwa mjomba aliyewaona twiga bure Mikumi

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia kwenye kikao cha harusi ulitucheka tena: eti kijana mzima analipa kiingilio akatazame wanyama, wakati wewe twiga wa hifadhi ya Mikumi umewaona bure, kutoka kwenye usukani, miaka yote uliyoendesha basi. Sibishi. Ila Mikumi ulipita na abiria wanaolalamika kwamba wamechelewa. Hata siku moja hukuzima injini.

Twende Saadani, hifadhi ya taifa iliyo ufukweni mwa bahari. Sababu yangu kubwa ni mto Wami, ambao wewe unaujua kwa ubaya tu: ule mteremko, daraja la zamani la njia moja, malori yamepangana, konda kachomoza kichwa dirishani. Tangu 2022 kuna daraja jipya, siku hizi watu wanavuka wakiwa wamelala. Basi maji yaleyale uliyokuwa ukiyavuka umekaza breki yanakwenda kuingia baharini huku hifadhini, na huku hutayatambua. Mto umepanuka, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, mikoko kushoto na kulia. Mwenye boti anapunguza mashine, viboko wanaibuka, masikio kwanza, halafu macho, halafu ule mguno wao unaousikia mpaka kifuani. Mamba kajilaza kwenye tope, mdomo wazi. Bila kuonyeshwa unampita. Tulikaa pale muda mrefu bila mtu kusema neno, hata yule mama aliyekuwa akipiga soga tangu getini.

Usije ukategemea twiga anapunga upepo ufukweni. Hizo ni picha za kalenda. Twiga wapo, lakini kwenye nyasi huko ndani, pamoja na kuro, kongoni na ngiri. Simba nao wapo, si wengi, na mimi sikuwaona. Ukiamka alfajiri maji yamekupwa, utakuta alama za kwato zimetoka vichakani zikashuka mpaka kwenye mchanga mbichi. Mimi hiyo iliniridhisha kuliko kumuona mnyama mwenyewe, sijui kwa nini.

Pale kwenye ufukwe wa Madete kasa wa kijani hupanda usiku kutaga, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Kwa hiyo ile tochi yako ya kumulika mpaka mtaa wa pili, mjomba, tutaizima. Kasa akiona mwanga anaweza kugeuza akarudi baharini, na watoto wao wakishaanguliwa huufuata mwanga wakapotea njia.

Nakujua, kitakachokunogea wewe ni habari ya Mkwaja. Upande wa kaskazini palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe tangu miaka ya 1950. Wakafyeka vichaka, vichaka vikarudi. Wakapambana na mbung'o, ng'ombe wakazidi kuugua nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o huyohuyo. Mwaka 2000 wakanyoosha mikono. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa 2005, ardhi ile ikawa ndani yake, na leo nyasi za ng'ombe wanakula kongoni. Mbung'o wenyewe hawajaenda popote. Wanapenda bluu na nyeusi, kwa hiyo ile kaunda suti yako iache kabatini.

Kijiji cha Saadani kina umri mkubwa kuliko hifadhi. Ndiko kwa Bwana Heri, mtawala wa hapo aliyewasumbua Wajerumani mwaka 1889 wakati Abushiri, kiongozi mwingine wa upinzani wa pwani, akipigana nao Pangani na Bagamoyo. Sasa watu wanavua kamba, na jirani kuna mashamba ya chumvi ambako heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, hushuka kutafuta riziki. Wageni ni wachache. Wenye fedha wanakimbilia Serengeti, na watu wa Dar wikiendi zao zinaishia Bagamoyo, jambo ambalo mimi silalamikii hata kidogo.

Njia utanionyesha wewe: tunaiacha lami pale Mandera, tunapita Miono. Masika hapana, udongo wa kule ukilowa hata wewe na uzoefu wako tutalala njiani. Tusubiri Julai. Beba kitambulisho cha NIDA, mwananchi analipa kwa shilingi na bei yake si ya kutisha. Getini hawataki noti, nitalipa kwa simu. Gari naendesha mimi, usinipokonye usukani.

Dada yako ameshaniambia: ukigoma, kiti cha mbele ni chake.