Chuma cha mwilini nacho kina haja ya deheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halitajwi sana tunapojadili ajali za bodaboda hapa Tanga, nalo ni uso wa vyuma wanavyowekewa majeruhi waliovunjika mifupa.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, lakini uzito wa jambo hili niliuona lilipomfika mpwa wangu. Alivunjika muundi, mfupa ukatokeza nje, akawekewa chuma. Kidonda kikafunga vizuri, kisha baada ya miezi minne pakatoboka tundu dogo lililokuwa likitoa maji ya njano na lisilosikia dawa. Chuma kilipotolewa nilikiona kwenye bakuli, kinang'aa kama kipya, ila kilipopanguswa kwa shashi kilikuwa na utelezi kama jiwe la kisimani.

Utelezi ule ni utando wa bakteria. Stafilokoka, ambao huishi kwenye ngozi zetu bila madhara, wakishagusa chuma hunata, huzaana na kujifunika ute ambao askari wa mwili na antibayotiki hushindwa kuupenya vya kutosha. Mwaka 1957 Elek na Conen, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba chini ya ngozi tupu huhitajika mamilioni ya stafilokoka kufanya usaha, lakini pakiwa na uzi wa kushonea mia chache tu hutosha. Mwaka 1987 Anthony Gristina, daktari wa mifupa wa Marekani, alilieleza jambo hili kuwa ni mbio: seli za mwili na bakteria huwania uso uleule wa kifaa, na anayetangulia ndiye anayekaa. Kwa hiyo dawa inayoanza baada ya usaha kuonekana imeshachelewa.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa hili upesi. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Alisubiri maji ya bamvua, chombo kikalala pakavu, akakipaka deheni ya shahamu na chokaa kabla hakijarudi majini, kwa kuwa alijua viumbe wa baharini wakishaganda kwenye mbao ni kazi ya kukwangua siku nzima. Na ni utafiti wa kuzuia viumbe hao kwenye meli za jeshi la Marekani uliomfanya Anthony Brennan, wa Chuo Kikuu cha Florida, aichunguze ngozi ya papa na kutengeneza uso wenye vijituta vya maikromita chache (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambao bakteria hupata taabu kuukalia ingawa haukutiwa sumu yoyote.

Deheni za vyuma vya mwilini ni za namna mbalimbali. Kemikali iitwayo polietilini glikoli hushika maji juu ya uso, na bakteria hukosa pa kunata. Madini ya fedha huua bakteria kwa chembe zake zinazoyeyuka polepole, ingawa zikizidi huumiza pia seli za mgonjwa. Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko hapa: mfupa nao lazima ushike chuma, na uso unaofukuza kila kitu huufukuza mfupa vilevile, chuma kikabaki kinacheza. Ndiyo maana navutiwa zaidi na vyuma vya muundi vilivyopakwa antibayotiki ya jentamisini, ambavyo vimekwisha kutumika kwa wagonjwa Ulaya. Dawa hutoka kwa wingi katika siku za mwanzo, wakati mbio zile zinapoamuliwa, kisha huisha na kuuachia mfupa nafasi.

Sisemi kila mgonjwa awekewe chuma cha namna hiyo, maana bei yake ni kubwa na hakuna upakaji unaofuta uzembe wa kunawa mikono au wa kuchelewa kusafisha kidonda. Ninachoomba ni kwamba Bohari ya Dawa, pamoja na madaktari wa mifupa, wafikirie kuviweka vichache kwa ajili ya mivunjiko iliyo wazi kama ya mpwa wangu, na kwamba kila anayewekewa chuma apewe kadi inayotaja aina yake, uso wake umepakwa nini na siku aliyowekewa. Mpwa wangu alipofika kwa daktari wa pili hakuwa na karatasi hata moja, na ilibidi wakisie.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga