Anayekwenda Mafia wakati wa masika aanze na bahari, bei ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu matangazo ya safari za bei nafuu za Mafia, ambayo husambaa katika simu zetu kila ifikapo mwezi Machi. Huahidi siku tatu kisiwani kwa gharama iliyopunguzwa sana, na aghalabu hupambwa kwa picha ya papa potwe akiogelea kando ya mtu aliyevaa miwani ya kuzamia. Sina ugomvi na punguzo lenyewe, na nafurahi kuona wafanyakazi wa kawaida wakianza kuvitazama visiwa vyetu kama mahali pa mapumziko. Hoja yangu ni kwamba safari fupi ya kisiwa kidogo katika miezi ya mvua haipangwi kama safari ya Morogoro au Arusha. Mtu huanza na kivuko, akatazama mwezi na upepo, na bei ya chumba akaiuliza mwisho kabisa.

Kwa nini tusiseme tu kwamba watu wasubiri kiangazi? Kwa sababu kalenda yetu haituruhusu. Sikukuu ya Karume ni tarehe 7 Aprili, Muungano ni tarehe 26 Aprili, Mei Mosi inafuata siku tano baadaye, na Pasaka nayo huangukia mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili. Mfanyakazi ambaye likizo yake ya mwaka imekwisha kumezwa na misiba, harusi na safari za kijijini hupata nafasi ya kuunganisha siku tatu au nne katika kipindi hicho, nacho ndicho kitovu cha masika. Mgeni anayetoka Ulaya anaweza kuchagua Agosti au Januari, lakini sisi likizo zetu fupi zimepangwa na historia ya nchi, wala haikutazama mvua. Kwa hiyo swali la maana ni namna ya kwenda wakati huo bila kudanganywa na bila kujidanganya.

Nianze na njia. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutua Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, baada ya muda usiofika saa moja, lakini nauli yake haiendani na mfuko wa wengi wetu. Njia ya wengi ni kushika barabara ya Kilwa, kukata kwenda Nyamisati katika Wilaya ya Kibiti, kisha kupanda chombo kupitia mikoko ya delta ya Rufiji hadi Kilindoni. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Mkondo wa Nyamisati hutegemea maji, na saa ya chombo kuondoka hufuata kujaa kwa bahari. Ratiba uliyoambiwa wiki iliyopita inaweza isiwe ya wiki hii. Tena Rufiji ikifurika, kama ilivyofurika Aprili 2024 na kuwaacha wananchi wa Rufiji na Kibiti katika taabu kubwa, si jambo la busara kudhani kwamba barabara na gati vitakungoja wewe na begi lako. Anayepanga safari ya siku tatu aombe ruhusa ya siku nne. Siku hiyo ya akiba ndiyo gharama halisi ya safari ya masika, na sijaona tangazo hata moja linaloitaja.

Jambo la pili ni mwezi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wapangaji wengi wa bara hawalijui na wazee wa pwani hudhani kila mtu analijua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Wakati wa bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, yakakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hapo ndipo akina mama hushuka miambani kutafuta pweza, huku mgeni akiweza kutembea mbali juu ya mchanga na kuona viumbe ambavyo siku nyingine hufunikwa. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji huwa juu wakati wa asubuhi, kuogelea ni rahisi, lakini pwani haifunguki. Kila siku majira ya maji husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mtu akishajua tarehe za mwezi mwandamo anaweza kukaa nyumbani kwake Tabata na kukadiria ni asubuhi ipi atavuka kutoka kijiji cha Utende, kisiwani Mafia, kwenda kisiwa kidogo cha Chole, na ni ipi atakwama kwenye tope akiisubiri mashua. Si elimu ngumu, na haihitaji fedha.

Upepo nao una maneno yake. Masika ndiyo kipindi ambacho kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekufa na kusi, upepo wa kutoka kusini, inaanza kushika. Ikishashika vyema, kuanzia Juni, bahari ya nje upande wa mashariki wa kisiwa huchafuka, ingawa Ghuba ya Chole, iliyozingirwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo pamoja na miamba, hubaki na utulivu wa kutosha kwa mtu anayetaka kutazama matumbawe. Upande wa magharibi, unaoitazama delta, maji ya mvua huleta matope na kupunguza mwanga. Hayo yote hayaifanyi safari kuwa mbaya, ila yanabadilisha kile unachokwenda kukiona.

Hapo ndipo ninapowalaumu wanaouza safari. Wenzangu kazini waliwahi kuhakikishiwa na wakala mmoja kwamba potwe wapo Mafia mwaka mzima, wakalipia safari ya Aprili kwa tegemeo hilo, wakarudi wameona mvua. Jambo la kuudhi ni kwamba wakala yule hakusema uongo mtupu. Watafiti waliowafuatilia samaki hao kwa vifaa vya sauti walieleza mwaka 2015 kwamba wengi wao hawaondoki kabisa karibu na kisiwa. Hushuka tu katika maji ya kina na mbali zaidi na ufukwe, ambako mtu wa mashua hawaoni. Wakati wao wa kula juu ya maji karibu na Kilindoni ni kati ya Oktoba na Machi. Kumwambia mteja kwamba samaki yupo na kumnyamazia kwamba hataonekana ni biashara ya ujanja, na mwananchi aliyechangishana fedha na wenzake kwa miezi kadhaa anastahili kuambiwa ukweli wote kabla hajatoa malipo ya awali.

Ajabu ni kwamba kuna mengi ya kweli ya kuuza katika miezi hiyo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina eneo la kilomita za mraba 822, na haifungwi kwa sababu ya mvua. Popo wakubwa walao matunda wa Chole huning'inia mitini mchana kweupe katika majira yoyote. Magofu ya Kua yaliyoko Juani, yenye misikiti na makazi ya watu waliofanya biashara ya bahari kwa karne nyingi, hutazamwa kwa raha zaidi siku ya mawingu kuliko jua la Januari, ilimradi uvae viatu vya kufaa kwa majani marefu. Na kwa anayeweza kusogeza safari yake hadi Juni, mayai ya kasa yaliyotagwa kwenye fukwe za Juani huwa yanaanza kuanguliwa. Mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili, na wenyeji wanaolinda viota wanaweza kumweleza mgeni siku inayotarajiwa. Mimi binafsi ningemshauri mtu mwenye hiari auache mwezi Aprili, achague wiki za kwanza za Juni, wakati mvua kubwa imekwisha na shamrashamra za wageni wa Julai na Agosti hazijaanza. Asiye na hiari aende Mei Mosi, ila kwa macho mawili.

Macho hayo yaelekezwe kwanza kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024, siku chache tu baada ya Mei Mosi, Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu eneo la Mafia. Tahadhari ilikuwa imetolewa mapema, na vyombo kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini upepo mkali na mawimbi makubwa ya siku moja mbili si nadra, na mpangaji wa safari anayekasirika kwa sababu nahodha amekataa kung'oa nanga anapaswa kunyamazishwa na wenzake. Vivyo hivyo mtu asikubali kupanda chombo cha mizigo kisichoruhusiwa kubeba abiria, eti kwa kuwa kazi inamngoja Jumatatu. Ni heri barua ya kujieleza kwa mwajiri.

Mambo madogo nitayapita haraka. Nyumba nyingi za kulala wageni za Utende hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo, kwa hiyo piga simu wewe mwenyewe na uulize kama jiko linafanya kazi. Nyumba za Kilindoni mjini hubaki wazi na ni nafuu. Beba chandarua au uhakikishe kipo, kwani baada ya mvua mbu huwa wengi. Uliza ada ya hifadhi ya raia, ambayo ni tofauti na ya wageni wa nje, uilipe na uchukue risiti. Na miaka ambayo Ramadhani inaangukia safari yako, kumbuka kwamba unakwenda kwa jamii ya Waislamu: mchana migahawa mingi haitakuwa wazi, na futari ukikaribishwa usiikatae.

Nina ombi moja kwa wenye vyombo na wasimamizi wa bandari, na jingine kwa gazeti lako. Wenye vyombo watangaze kila wiki, kwa ubao na kwa ujumbe wa simu, siku na saa za kuvuka kati ya Nyamisati na Kilindoni kwa kufuata maji ya wiki hiyo, na waseme wazi abiria atarudishiwa nini safari ikiahirishwa. Gazeti lako nalo huchapisha utabiri wa hali ya hewa wa miji. Naomba, walau kuanzia Machi hadi Juni, liongeze kando yake saa za kujaa na kupwa kwa Dar es Salaam na Mafia pamoja na tarehe za bamvua. Safu moja nyembamba ya toleo la Ijumaa itatosha.

Msomaji wako,
Dar es Salaam