Wenye vibanda vya nyimbo, acheni kufomati flashi za wateja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na vijana wanaoingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, pamoja na wateja wanaowakabidhi vitu hivyo bila kuuliza neno. Mteja anataka aongezewe singeli 50 kwenye redio yake ndogo ya kuchaji. Akifika nyumbani anakuta singeli 50 tu, basi. Kaswida za madrasa, kwaya ya kigango, nyimbo ambazo shangazi walimwimbia bibi harusi, vyote vimekwenda. Singeli ataipata kibanda chochote. Zile nyingine mara nyingi nakala yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye flashi hiyo.

Kinachoua nyimbo kuliko vyote ni kufomati, yaani kuifuta flashi yote na kuianza upya. Flashi ikisumbua kufunguka, kompyuta inaleta ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe kwanza, na kijana anabofya kabla hajamaliza kusoma. Ujumbe ule hausemi kwamba nyimbo zimefutika. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya mafaili, na orodha hiyo huharibika sana flashi inapochomolewa ikiwa bado inaandikwa. Bofya "Cancel". Ijaribu kwenye tundu jingine, kisha kwenye kompyuta nyingine. Kama ni memori kadi, badilisha kwanza kisomea kadi, maana vile vya bei ya chini hulegea upesi.

Ikigoma kabisa, usiandike kitu chochote juu yake. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo huweza kuzitoa nyimbo hata kama orodha imeharibika. Zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski ya kompyuta, si kwenye flashi ile ile, la sivyo unazifukia zile ambazo bado hujazifikia. Mafaili yatarudi yakiwa na namba badala ya majina, lakini jina la wimbo na la mwimbaji, kama liliandikwa ndani ya MP3 yenyewe, kwa kawaida huwa bado lipo.

Kuna pia nyimbo zinazoliliwa kumbe zimefichwa na virusi. Utaijua hali hiyo kwa vipicha vyenye mshale mdogo pembeni mahali palipokuwa na folda, huku kompyuta ikionyesha kwamba flashi imejaa kama kawaida. Usivibofye vipicha hivyo. Pitisha kwanza programu ya kuondoa virusi, kisha tafuta cmd, yaani dirisha la Windows la kuandikia amri, ifungue, na kama flashi imepewa herufi E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza Enter. Folda zitajitokeza. Watu wamefomati flashi zisizo na kasoro kwa sababu tu hawakuijua amri hii.

Sasa njia ya kuongeza. Kabla ya yote, nakili kila kilichomo kwenye flashi ya mteja ukiweke kwenye folda ya pembeni ndani ya kompyuta, na usikifute hadi mteja asikilize na kuridhika. Kisha tazama nafasi iliyobaki. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa kbps 128 (kbps ni kipimo cha wingi wa data kwa kila sekunde ya wimbo) unakula karibu MB 4, na kwa kbps 320 unakaribia MB 10. Flashi iliyoandikwa GB 8 itaonekana ina kama GB 7.4; hapo hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu tu. Nafasi isipotosha, mwambie mteja achague mwenyewe cha kutoa. Si kazi yako kuamua kwamba kwaya ya mwaka 2009 haina maana.

Nyimbo mpya ziingie kwenye folda mpya yenye jina lake. Hili wengi hulidharau, na ndipo hasara ya kimyakimya inapotokea. Nyimbo zilizotolewa kwenye CD hupenda kuitwa "Track 01", "Track 02", na ukizibandika juu ya nyingine zenye majina hayo hayo, Windows inakuuliza. Ukichagua "Replace", ule wa zamani unafutika papo hapo, wala hutaukuta kwenye pipa la taka. Wenye kompyuta za Mac wawe waangalifu zaidi: huko, kukubali kubadilisha folda yenye jina lile lile huifuta folda nzima ya zamani na vyote vilivyomo. Folda pia zisijazwe kupita kiasi. Redio nyingi za gari na sabufa zina kikomo, mara nyingi nyimbo 255 kwa folda, na zinazozidi hazisomwi kabisa ingawa zipo. Nyimbo 100 kwa folda zinatosha.

Lipo jambo moja ambalo kijana wa kibandani hana kosa nalo: kadi bandia. Imeandikwa GB 64, kompyuta nayo inasema 64, kumbe ndani mna GB 8. Mwanzoni kila kitu kinalia vizuri. Zikishapita GB 8, nyimbo mpya ama haziandikwi popote, ama zinaandikwa juu ya zile za zamani, na majina yanabaki yakionekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza kadi yote kisha huisoma tena kuhakikisha. Kadi iwe tupu kabla ya kupimwa. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuandika GB 64 huchukua karibu saa mbili, na kusoma kuna muda wake, kwa hiyo iwekwe jioni wakati wateja wamepungua. Anayeuza kadi hizi kibandani kwake apime angalau moja kutoka kila mzigo mpya kabla hajauza ya kwanza.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro