Bwawa la Langobaya likaguliwe kabla ya masika

Mhariri,

Bwawa la udongo tunalonyweshea mifugo huku Langobaya, Malindi, limeanza kututia hofu. Chini ya ukuta, upande wa mashamba, maji yanachuruzika mchana na usiku. Zamani yalikuwa maangavu. Sasa yanatoka na tope, na hapo ndipo penye hatari: ukuta unaliwa ndani kwa ndani. Juu yake ng'ombe wamechimba njia kwa kwato na mathenge (miti ya miiba) yameota. Vijana wanataka kuyang'oa, ila mashimo ya mizizi yasiposhindiliwa udongo vizuri, maji yatapata njia nyingine.

Mkondo wa kutolea maji ya ziada nao umejaa mchanga. Kuna jamaa kapanda mahindi humo humo (yamestawi, sikatai). Mvua kubwa ikija, maji yatapita juu ya ukuta.

Mei 2018 bwawa la udongo lilipasuka Solai, Nakuru, usiku, likaua watu zaidi ya 40. Letu ni dogo, lakini bondeni kuna nyumba.

Tuliahidiwa mhandisi. Aje aupime ukuta, mkondo uzibuliwe, na tuambiwe maji yapunguzwe kiasi gani.

Mkulima,
Langobaya, Malindi