Mgongo Umepasuliwa, Maumivu Yameisha, Mbona Mguu Bado Una Ganzi?

Mama mmoja aliingia kliniki yetu ya fiziotherapia wiki ya sita baada ya upasuaji wa diski (ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo), akiwa na kandambili moja. Ya kushoto ilimvuka ngazini, asijue mpaka mlinzi alipomkimbilia nayo. Maumivu ya kutoka kiunoni hadi unyayoni yalikwisha, ila ganzi ilibaki, naye alishaamini upasuaji umefeli.

Haukufeli. Daktari akitoa kipande cha diski kilichochomoza, anauondolea mshipa wa fahamu mgandamizo. Kupona ni kazi ya mshipa wenyewe. Kwa kawaida maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, hisia za ngozi huja mwisho. Mshipa ulioumia ganda la nje tu hupona kwa wiki au miezi michache. Nyuzi za ndani zikiharibika, huota takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi vidoleni ni karibu mita nzima. Ndiyo maana tunazungumzia mwaka na zaidi. Wapo pia wanaobaki na sehemu ndogo ya ganzi moja kwa moja, na hilo tunamwambia mgonjwa mapema.

Ukianza kuhisi kama sisimizi wanakutembea mguuni, usishtuke. Mara nyingi hisia ndizo zinarudi.

Tunachokiogopa sana ni kukandwa. Ndugu, kwa mapenzi tu, wanaukanda mguu kwa maji ya moto, mgonjwa hasikii kitu, na asubuhi ngozi imebabuka. Tafadhali msikande. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono, viatu viwe vya kufunga, na nyayo zikaguliwe kila jioni, hasa kwa wenye kisukari.

Ganzi ikienea makalioni na sehemu za siri, mkojo ukigoma, haja ikitoka bila kujua, au wayo ukianza kuning'inia, usisubiri miadi yetu: nenda hospitali usiku huohuo.

Siku ya kwanza tunakugusa kwa pamba ukiwa umefumba macho, tunachora mpaka wa ganzi kwa kalamu, kisha tunaupiga picha kwa simu yako. Baada ya wiki nne tunachora tena. Yule mama, mstari wake ulishuka upana wa vidole viwili, yaani ganzi ilipungua. Ukija, beba karatasi ya ruhusa ya hospitali na viatu unavyovaa kila siku.