Anayekwenda kupigwa mionzi atalala wapi?

Mhariri,

Assalaam alaykum. Hapa kwetu Wete kansa ya ziwa ikirudi, lawama hutupiwa kisu. "Wangeliiacha isingechokozeka." Nimeyasikia haya barazani, nikayasikia tena ndani mwetu pale dada yangu alipokigusa kijivimbe kipya pembeni ya kovu, mwaka wa tatu baada ya operesheni.

Dada alitolewa uvimbe, ziwa likabaki. Akaambiwa avuke bahari akapigwe mionzi Dar es Salaam, wiki tano. Alikaa mbili. Mwenyeji wake hakumfukuza, lakini mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na mtu aliyetoka kwenye mionzi hana nguvu ya kulima. Akapanda boti akarudi kwa wanawe. Siwezi kuapa kwamba kansa imerudi kwa sababu hiyo tu. Ninalojua ni kuwa hakuna aliyemweleza uzito wa zile wiki tatu alizoziacha.

Operesheni huondoa uvimbe unaoonekana. Mionzi huua chembe zilizojificha kwenye ziwa. Marekani, Dk. Bernard Fisher na wenzake waliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, wakatoa matokeo mwaka 2002. Waliotolewa uvimbe bila ya mionzi, kansa iliwarudia kwenye ziwa lile lile kiasi cha 39 katika kila 100. Waliopigwa mionzi, 14. Na walioondolewa ziwa zima hawakuishi zaidi kuliko waliobakishiwa. Hata hao walioondolewa ziwa zima kansa huweza kuwarudia kwenye ngozi ya kifua, kwa hiyo mashangazi wanaosema "bora angekatwa lote tangu mwanzo" wasimuongezee dada machungu. Safari hii limekatwa lote.

Ninaloomba kwa wakubwa wa afya ni dogo. Siku mwanamke wa Pemba anapotia saini ya operesheni ya kubakisha ziwa, karatasi hiyo hiyo iandikwe tarehe ya kuanza mionzi, nyumba atakayolala huko Dar es Salaam, na mwezi wa kupiga mamogramu, yaani picha ya eksirei ya ziwa, kila mwaka. Kama nyumba haipo, aambiwe mapema. Kukatwa ziwa lote mara nyingi, ingawa si kila mara, humuepusha mtu na mionzi, na yupo atakayechagua hivyo.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba